Uzi wa ndege wa uani kwetu Mtwara na Lindi: leta picha yako hata ya simu, tutambue pamoja

#1 MwanaMikindani

Wakuu habari za mchana. Naomba tuwe na uzi mmoja wa ndege wa hapa hapa nyumbani, sio wa Serengeti wala Mikumi, nazungumzia hawa wanaotua pale uani unapoanika makopa, wanaodonoa papai kabla hujaliwahi, wanaolia kwenye mkorosho alfajiri na hujawahi kujua ni nani.

Nchi hii ina aina za ndege zaidi ya 1,100 na wenye kamera kubwa karibu wote wanapandia kaskazini, kusini huku tunapitwa tu. Wakati historia inasema vingine, kuna kindege kidogo cha msituni, kijivu mgongoni, tumbo jeupe, dume ana mkanda mweusi kifuani, kwa kisayansi kinaitwa Batis reichenowi, Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Grote alikiandika mwaka 1911 kutokana na ndege wa hapa Mikindani, na mpaka leo kinajulikana kwenye misitu ya pwani ya kusini mashariki ya Tanzania tu, wataalamu wanabishana kama ni aina yake peke yake au ni tawi la ndugu yake wa kaskazini. Sasa jiulize, kama kitu kama hicho kilitoka kwetu, sisi tunaoishi hapa mbona hatujui hata wale kumi wa kwanza wanaotua kwenye fensi?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: picha ya kutambulia ndege sio lazima iwe nzuri. Picha inayoonyesha mdomo, jicho, miguu na mkia, hata kama imetoka na chengachenga, inatusaidia kuliko picha laini ya ndege aliyekugeuzia mgongo. Kwahiyo msiogope kuweka za simu.

Ninavyofanya mimi. Kiangazi hiki maji ndio kila kitu, kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zirudi ndege wanahangaika na maji kuliko chakula. Nimechukua kipande cha chungu kilichovunjika, kile cha chini chenye kina kidogo, nikaweka maji yasiyozidi vidole viwili na jiwe moja katikati linalochomoza, maana ndege mdogo haogi kwenye kina. Nimekiweka karibu na mchongoma ili akishtuka apate pa kukimbilia, ila sio chini ya kichaka kabisa kwasababu paka atajificha pale. Maji namwaga na kubadilisha kila siku, ukiacha yakae unafuga mbu. Alafu pembeni ya chungu nimechomeka kijiti kikavu kimesimama, hapa ndipo siri ilipo, ndege karibu wote kabla hawajashuka kunywa wanatua kwanza mahali pa juu waangalie usalama, wewe ukiwa umewapa kijiti watatua pale pale kila mara na kamera yako tayari inakisubiri. Angalia nyuma ya kijiti pawe mbali na pawe pa rangi moja, majani au kivuli, sio bati linalong'aa wala kamba ya nguo.

Mimi nakaa ndani ya mlango wa jiko, giza kidogo, hatua kama sita hivi. Ndege anaogopa mtu anayesogea kuliko mtu aliyekaa. Mwanga mzuri ni saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu asubuhi, na jioni kuanzia saa kumi, mchana watakuja kunywa ila jua liko utosini na uso wa ndege unakuwa kivuli kitupu.

Nawakaribisha, weka picha, sema uko wapi, mwezi gani, ndege alikuwa anafanya nini na analiaje kama umemsikia.

#2 Korosho Ghafi

Mkuu uzi mzuri huu. Mimi niko Newala nina Tecno tu. Kuna kandege kwenye mlonge nyuma ya nyumba mlonge umejaa maua, keusi kama mkaa ila kifua chekundu kinawaka, mdomo mrefu umepinda kwa chini. Kanatulia sekunde moja kanaondoka. Picha zote nimepata tawi tupu. Ni nani uyo na nifanyeje?

#3 MwanaMikindani

Korosho Ghafi huyo ni chozi, na kwa maelezo yako ni chozi kidari-chekundu dume. Akikaa kwenye jua mwangalie paji la uso na kidevu, utaona kibaka cha kijani kinachometameta, na wekundu wa kifuani ukiuona kwa karibu una vijistari vidogo vya buluu ndani yake. Jike lake usilitafute kwa rangi hiyo, ni la kahawia lenye mabatobato tumboni, watu wengi wanadhani ni ndege mwingine kabisa. Usimchanganye na yule chozi mdogo zaidi ambaye ni kijani juu na ana mkanda wa zambarau kifuani, yule naye yupo sana huku pwani na anapenda maua hayo hayo.

Kuhusu picha usimfukuze. Chozi ana ratiba, anazunguka maua yake na anarudi kwenye shada lile lile baada ya muda mfupi. Chagua shada moja la maua lililo chini na lenye jua, gusa kioo cha simu pale pale kwenye ua ushikilie mpaka fokasi ijifunge, alafu subiri. Akija shikilia kitufe cha kupigia simu ipige mfululizo, utapata ishirini, kumi na nane mbovu, mbili nzima, na mbili zinatosha. Zumu ya simu usiivute mpaka mwisho, ile ya kuvuta sana inakuza chengachenga tu, bora usogee au ukate picha baadae.

Na mlonge usiukate mkuu, ukiwa na mlonge una hawa chozi mwaka mzima.

#4 Fundi Simu Lindi

Nyie wenye simu msikate tamaa nitoe hii. Tafuta darubini, hata ile ndogo ya mtumba ya bei ya kawaida, funga kwenye stendi au iweke juu ya mfuko wa mchanga dirishani isitikisike, alafu kamera ya simu iweke kwenye tundu moja la kuchungulia. Mwanzo utaona duara jeusi pembeni, sogeza simu taratibu mbele nyuma mpaka duara litanuke, ukishaona picha imejaa vuta zumu kidogo sana basi. Simu yenye kamera tatu nyuma lazima uhakikishe inatumia ile kubwa, nyingine inaruka yenyewe kwenda ile pana na unaona giza. Mimi nimekata kipande cha bomba la plastiki la maji nikakipasha moto kikatanuka kikakaa kwenye tundu la darubini, simu inakaa pale haitetemeki. Nimempiga mwewe juu ya mnara kutoka barazani kwangu mpaka mdomo wa njano unaonekana.

Shida ni kusi tu, upepo ukianza saa nne tawi linacheza huwezi kitu.

#5 Nangurukuru

Kweli kabisa kuhusu kusi. Kwa kamera kubwa weka shata, yaani kasi ya kupiga, 1/1000 ya sekunde au zaidi tawi likicheza, ndege aliyetulia asubuhi hata 1/500 inatosha. ISO, ile namba ya kamera kushika mwanga, iache ipande, bora picha yenye chengachenga kuliko iliyotikisika, chenga zinafutika mtikisiko haufutiki.

#6 Bi Msimbati

Jamani shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari. Mimi nina jambo linanikosesha raha. Kwenye dari ya jiko la mama mkwe kuna bundi. Uso mweupe umekaa umbo la moyo, mgongo kama dhahabu iliyochanganyika na majivu, macho meusi. Usiku kuna sauti kama watu wanavuta pumzi kwa nguvu, inaonekana kuna watoto. Nimempiga picha moja akitoka magharibi, naiweka hapa chini haijatulia. Sasa wazee wameshakaa kikao wanasema huyo katumwa, atolewe kwa moshi au apigwe. Mume wangu yuko safari. Mimi sitaki auawe na pia sitaki kumvunjia mama mkwe heshima. Naombeni maneno ya kumwambia.

#7 Jongowe wa Ligula

Bi Msimbati bundi ni bundi dada yangu. Mimi sisemi mengi ila babu yetu alikufa wiki aliyolia bundi juu ya nyumba. Mambo mengine tuache kama wazee walivyosema.

#8 MwanaMikindani

Jongowe pole sana kwa babu na nakuheshimu kaka. Ila naomba unisikilize na wewe.

Bundi anakaa pale penye panya. Nyumba yenye ghala la mahindi, mihogo au korosho ina panya, na nyumba yenye mgonjwa mara nyingi ina watu wanaokesha na taa inawaka, taa inaita wadudu, na usiku huo watu wako macho ndio wanamsikia. Siku nyingine analia vile vile ila wote mmelala. Hivyo ndivyo ninavyoliona mimi.

Bi Msimbati, picha yako inatosha kabisa, huyo ni bundi wa ghalani, yule ambaye yeye na ndugu zake wa karibu wapo karibu dunia nzima, kwa kisayansi Tyto alba, uso wa moyo na macho meusi ndio alama yake, wengi wa bundi wengine unaowaona huku wana macho ya njano. Hiyo sauti ya kuvuta pumzi ni watoto wanaomba chakula. Na habari njema kwako ni kwamba watoto wake wanakaa kwenye kiota kama miezi miwili hivi alafu wanaruka, kwahiyo huombi akae milele, unaomba muda.

Maneno siwezi kukupangia kwa mama mkwe wako, wewe unamjua. Ila nakupa kitu cha kumwonyesha. Bundi anameza panya mzima, alafu nyama inasagika na manyoya na mifupa anayatapika yakiwa yamejiviringisha, kidonge cheusi cheusi kirefu kama kidole gumba. Nenda mchana chini ya pale anapokaa, utavikuta. Chukua kimoja kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwenye kisosi, kichambue kwa njiti mbili za mswaki, utaona fuvu la panya zima na meno yake ya mbele ya njano yamepinda, taya, mbavu nyembamba kama uzi, na kidonge kimoja unaweza kukuta mafuvu mawili matatu. Vaa mfuko mkononi na unawe baada ya hapo. Alafu mwite mama mkwe kwa adabu zote mwambie mama naomba uje uone kitu, usiseme neno jingine, muache ahesabu mwenyewe panya wake.

Na tafadhali usimpige flashi usiku, ile inampofusha kwa muda na anaweza kujigonga ukutani. Magharibi kabla giza halijaingia, simama mbali na tundu, utampata anatoka.

#9 Bi Msimbati

Nashukuru sana kaka. Nitalifanya kesho asubuhi kabla ya kuosha vyombo, mama anapenda kukaa jikoni saa hizo.

#10 Mwalimu wa Zamu

Nimefurahi kuona uzi wa namna hii. Nafundisha sekondari Lindi, na mnana pale shuleni wamejaa mnazi mmoja viota vinaning'inia kila kuti. Wanafunzi wanasema wote ni ndege mmoja wa njano. Nikawaambia chukueni simu ya mwalimu mpige macho tu, picha ya jicho. Matokeo yake tumegundua tuna zaidi ya aina moja. Kuna dume kichwa cheusi chote mpaka nyuma, mgongo una mabaka meusi na njano, jicho jekundu. Kuna mwingine weusi umeishia kwenye uso tu, utosi wa mbele, na jicho jeupe kabisa. Na kuna wa njano tupu hana barakoa yoyote. Naomba wataalamu mthibitishe.

Shida yangu nyingine ni manati. Nimenyang'anya nyingi tu darasani, wanatengeneza nyingine kesho yake.

#11 MwanaMikindani

Mwalimu umefanya jambo kubwa na umefanya kwa njia sahihi, kwa mnana jicho linamaliza ubishi. Wa kichwa cheusi chote na jicho jekundu ni yule mnana wa vijijini anayejenga makundi makubwa karibu na watu. Wa barakoa na jicho jeupe ni mdogo wake mwenye barakoa, jicho jeupe ndio ushahidi. Wa njano tupu anayeishi pwani hii, kama jicho la dume ni jekundu au la machungwa na kichwani amekolea kidogo rangi ya dhahabu, basi ni mnana wa dhahabu wa pwani. Hayo ni madume wakiwa kwenye msimu wa kujenga, msimu ukiisha wanavaa rangi iliyofifia na hapo hata mzoefu anakwama, na majike ndio usiseme.

Waambie wanafunzi wasubiri pia kwenye mti huo huo ndege mdogo wa kijani ya kung'aa na tumbo jeupe, dume ana jicho jekundu, anakaa pembeni anaviangalia viota. Huyo ni kekeo, anataga yai lake kwenye kiota cha mnana na kumwachia mnana alee. Ukipata picha ya mnana analisha mtoto wa kekeo hiyo ni picha ya ukutani.

Kuhusu manati, kunyang'anya peke yake hakutoshi mwalimu. Mtoto mwenye shabaha ya manati ana macho makali na subira kuliko sisi wote humu, anajua ndege analala wapi na anatua wapi saa ngapi. Mpe simu huyo huyo. Mpe kazi ya kuandika orodha ya ndege wa shule, jina lake liandikwe juu. Kitaa kwetu vijana wawili waliokuwa na manati ndio wananiambia mimi ndege gani kaingia mtaani.

#12 Mama Mkorosho

Habari zenu. Naomba msaada wa haraka haraka, hapa Tandahimba hakuna mto karibu ila kuna ndege ana mdomo mkubwa mwekundu, mabawa ya buluu, kichwa cha kahawia chenye michirizi. Mtoto anasema mdiria. Mdiria bila maji inawezekana?

#13 Nangurukuru

Inawezekana mama. Mdiria wa kichwa cha kahawia hahitaji mto, anakula panzi na mijusi, anakaa tawini ametulia alafu anadondoka chini kuchukua. Huku Kilwa kwenye mikoko tuna ndugu yake, kichwa kijivu na mdomo mwekundu wote, wako anakuwa na weusi weusi kwenye ncha ya mdomo. Angalia ncha tu.

#14 Mama Mkorosho

Ncha ni nyeusi. Ahsante sana mwanangu.

#15 Dogo wa Rasbura

Wakuu mbona mnahangaika kusubiri, mimi nadownload sauti ya ndege naipiga kwenye spika ya bluetooth nimeiweka kwenye mwembe, dume anakuja mwenyewe mpaka mita mbili anakaa kabisa. Picha kali mno. Jaribuni.

#16 MwanaMikindani

Dogo nakuelewa na picha zako nimeziona ni kali kweli. Ila mimi sikubaliani na hiyo njia, hasa nyumbani. Dume anakuja kwasababu anadhani kuna dume mwingine kaingia kwenye eneo lake, anaacha kulisha, anaacha kulinda kiota, anapigana na spika. Mara moja sio mwisho wa dunia, ila ndege wa uani ni wale wale kila siku, ukimfanyia hivyo wiki nzima anahama au kiota kinaliwa na kunguru wakati yeye anatafuta adui asiyekuwepo. Na wewe unapoteza, maana ndege wa spika anakupa pozi moja tu la hasira, hutamwona anaoga wala anamlisha mwenzie. Weka maji mdogo wangu.

#17 Dogo wa Rasbura

Bro mimi naweka dakika moja tu nazima. Watalii wakija na waongozaji wao mbona wanapiga sauti porini siku nzima na hakuna anayesema.

#18 Nangurukuru

Wenye kufanya hivyo porini nao wanasemwa sana tu, sehemu nyingi duniani hifadhi zimekataza. Dogo kama lazima, basi sio msimu wa viota na sio ndege yule yule mara mbili. Mimi ningeacha kabisa.

#19 Rondo Juu

Nasoma toka asubuhi. Mimi niko karibu na msitu wa Rondo, kwetu mnaita mbali ila ndege wanaoamkia kwenye mti wangu ni wa kusafiriwa. Kuna zuwakulu wa kijani, mnene mnene, kichwa cheusi kidogo, analia mlio mmoja mmoja anarudia rudia bila kuchoka. Wazungu waliwahi kuja wakaniambia ndugu zake wa karibu wako msitu wa oNgoye huko Afrika Kusini, katikati hapo ni zaidi ya kilomita elfu mbili. Mimi kwangu anakula matunda ya mkuyu.

Ila kilichonileta ni hiki. Mwaka juzi mwanzoni mwa mvua, usiku, ndege aligonga kioo cha dirisha taa ikiwa inawaka. Nilimwokota barazani, mkia mfupi kama umekatwa, tumbo chini jekundu, kifua rangi ya mchanga, mgongo kijani, mabawani vitone vya buluu inayong'aa, usoni mstari mweusi mpana. Sijawahi kuona ndege wa rangi nyingi vile. Nilimweka kwenye boksi lenye giza nikampiga picha moja asubuhi akaruka mwenyewe. Ni nani huyu?

#20 MwanaMikindani

Rondo Juu umenifanya nisimame. Huyo ni pita wa Afrika, Pitta angolensis, hana jina la Kiswahili linalojulikana na watu wengi ndio maana nataja hilo. Wapo watu wanasafiri kutoka Ulaya na Marekani kumtafuta yeye tu na wanarudi bila kumwona maana anakaa chini gizani kwenye majani makavu ya msitu na vichaka vizito. Anasafiri usiku, anakuja kuzaliana kusini huku mvua zikianza na baadae anarudi kaskazini kwenye misitu ya pwani, na kwenye safari hizo taa za majengo zinamchanganya anagonga vioo. Ulichofanya ndicho sahihi, boksi lenye giza na matundu, bila maji mdomoni bila chakula, bila watoto kumshika, alafu asubuhi unafungua. Wakuu wote mnaokaa karibu na msitu, mwezi wa kumi na moja na kumi na mbili zimeni taa za nje usiku au vuteni pazia, hamtapoteza kitu.

Ile picha moja iweke kwenye tovuti ya eBird na tarehe na mahali. Kule kunaingia kumbukumbu za ndege za dunia nzima na kusini yetu ina kumbukumbu chache mno, picha moja ya dirishani ya Rondo ina uzito.

#21 Korosho Ghafi

Hapo kwenye programu nami nilitaka kuuliza, Merlin, ile ya simu ya kutambulia ndege, inasema uongo au mimi ndio sijui kuitumia? Nimeiwekea yule chozi ikanipa majina matatu.

#22 MwanaMikindani

Sio uongo, inakupa wanaowezekana na wewe ndio hakimu. Hakikisha umeshusha pakiti ya ndege wa huku kwetu, ukitumia ya bara jingine itakutajia ndege wa huko. Weka mahali na tarehe sahihi, inachuja yenyewe wasiokuwepo mwezi huo. Alafu majina matatu yakija soma tofauti zao moja moja ulinganishe na picha yako, mdomo, jicho, mkia. Tarehe inasaidia kuliko watu wanavyofikiri, mbayuwayu wa Ulaya mwenye koo jekundu na mkia wa panda ndefu anaingia karibu na mwezi wa tisa au wa kumi na kuondoka karibu na masika kuisha, ukiniambia umempiga mwezi wa saba nitakuomba picha nyingine kwanza. Ila yule teleka, anayefanana na mbayuwayu, mwembamba wa kahawia kijivu anayezunguka minazi mwaka mzima ni mwenyeji, kiota chake ni manyoya aliyoyagundisha kwa mate chini ya kuti, na mayai nayo anayagundisha kwa mate hayo hayo yasianguke kuti likipeperushwa. Mpigeni jioni minazi ikiwa na jua la upande.

#23 Fundi Simu Lindi

Kabla hatujafika mbali, lenzi jamani. Napokea kamera hapa dukani ndani ya lenzi kuna utando kama buibui, huo ni ukungu, unyevu wa bahari ndio unaleta. Kamera isikae kwenye begi kabatini miezi. Weka kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipaketi vinavyokaa kwenye viatu vipya, na uitoe mwangani mara kwa mara. Ukitoka ufukweni futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Na wenzangu wa mikorosho, siku ya kupuliza salfa kamera ikae ndani, ule unga unaingia kwenye kila upenyo na lenzi ikianza kukwaruza ukiizungusha ujue ndio huo.

#24 Bi Msimbati

Nimerudi. Tulikuta vidonge vingi chini ya dari, kimoja tulikichambua na mama mkwe mwenyewe kwa mikono yake, mafuvu mawili ya panya na moja dogo sana la panya buku mtoto nadhani. Mama hakusema kitu muda mrefu. Baadae akaniuliza hawa watoto wa bundi wataruka lini. Wazee wengine bado hawajakubali ila mama amesema jiko ni lake. Naomba kujua nikitaka kuwapiga picha wakianza kutoka nikae upande gani maana tundu linaangalia magharibi.

#25 MwanaMikindani

Mpe mama salamu zangu za heshima. Tundu likiangalia magharibi una bahati, jua la mwisho linawaangukia usoni, wewe kaa upande wa kusini au kaskazini ya tundu, pembeni, usikae mbele yao kwenye njia ya kurukia. Kaa mahali pamoja kila jioni kuanzia sasa kabla hawajatoka ili mzazi akuzoee, ukianza siku watoto wanatoka atasita kuwaletea chakula. Simu iegemeze kwenye ukuta au kiti, punguza mwanga wa kioo, zima sauti ya kupigia. Ukiona mzazi anazunguka na panya mdomoni na haingii, ondoka urudi kesho.

#26 Jongowe wa Ligula

Bi Msimbati ukipata hiyo picha ya watoto iweke. Nami nataka kuwaona.

#27 Mwalimu wa Zamu

Wanafunzi wangu wamempata huyu leo asubuhi nyuma ya bwalo, mdogo kuliko shomoro, juu kahawia, tumbo jeupe limechafuka, hana alama yoyote ninayoiona, anatikisa mkia. Picha ya kwanza mgongo, ya pili imetikisika. Aliyepiga ni yule kijana wa manati. Tunaanzia wapi?

#28 MwanaMikindani

Mwambie kijana amefanya vizuri. Kwa picha hizi siwezi kumtaja jina, wadogo wa kahawia huku wako wengi na wanafanana. Anahitaji ya pembeni inayoonyesha mdomo, kama ni mwembamba anakula wadudu, kama ni mnene umekaa pembe tatu anakula mbegu, hapo nusu ya orodha inaondoka. Aangalie kama mkia anautikisa juu chini au kushoto kulia, na arekodi sauti kwa simu hata nusu dakika. Kesho saa moja asubuhi akae pale pale alipokuwa amekaa leo.